Maandishi ya Mtafiti Hupimwaje? Kifafa cha Mahenge na Uganga wa Ufipa

Katika taaluma ya magonjwa ya akili, kama ilivyo katika taaluma nyingine za vyuo vikuu, heshima ya mtafiti husomwa kwanza katika orodha ya maandishi yake, yaani makala alizochapisha katika majarida, sura alizochangia katika vitabu vya wenzake na vitabu alivyoandika mwenyewe. Na orodha hiyo ndiyo huamua nani apandishwe cheo, nani apewe fedha za utafiti na nani aalikwe kuzungumza katika mikutano ya kimataifa. Mkazi wa Sumbawanga anayempeleka nduguye hospitali kwa sababu halali usiku au anaanguka kifafa hana haja ya kuijua orodha hiyo, lakini dawa atakayoandikiwa, maswali atakayoulizwa na hata jina la ugonjwa atakaloambiwa vyote vimepitia kwenye kurasa za watu wa namna hiyo. Kwa hiyo suala la namna maandishi ya mtafiti yanavyopimwa, na kama kipimo chenyewe kinaona yote kinayopaswa kuyaona, linamhusu mgonjwa kuliko linavyodhaniwa.

Tanganyika ya miaka ya uhuru ina watafiti wawili wanaofaa kulinganishwa. Wa kwanza ni daktari wa Kinorwe, Louise Aall, ambaye baadaye aliolewa na Wolfgang Jilek, daktari wa magonjwa ya akili, na kujulikana kama Louise Jilek-Aall. Huyu alifanya kazi miongoni mwa Wapogoro wa milima ya Mahenge, wilayani Ulanga. Wa pili ni Roy Willis, Mwingereza mwanaanthropolojia, yaani mtaalamu wa mila na maisha ya jamii za watu, ambaye kati ya 1962 na 1964 aliishi katika uwanda wa juu wa Ufipa, nchi ya baridi na ukungu inayofika takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, iliyo kati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na Ziwa Rukwa upande wa mashariki, ambako watu hulima ulezi, mahindi na maharage juu ya matuta ya mviringo yaliyofukiwa majani ili yaoze na kuwa mbolea. Daktari aliandika juu ya ugonjwa na mwanaanthropolojia akaandika juu ya watu wanavyouelewa ugonjwa, na maandishi yao yakaenda njia mbili tofauti.

Kabla ya kuzifuata njia hizo, inafaa kueleza kipimo chenyewe. Makala ya kitaaluma haichapishwi kwa ridhaa ya mhariri peke yake. Hupelekwa kwanza kwa wataalamu wawili au watatu wa fani ileile, ambao huisoma, huhoji hesabu zake na kuamua kama inastahili, na kazi hiyo huitwa mapitio ya wataalamu. Ikishachapishwa, watafiti wanaokuja baadaye hulazimika kuitaja kila wanapotumia matokeo yake, na kule kutajwa ndiko kunakoitwa kurejelewa. Mmarekani Eugene Garfield alipendekeza mwaka 1955 kwamba marejeo hayo yakusanywe katika faharasa moja, na katika miaka ya mwanzo ya 1960 faharasa hiyo ikaanza kutoka; kuanzia hapo ikawezekana kuhesabu makala fulani imetajwa mara ngapi na nani. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch akaongeza kipimo kifupi zaidi kinachoitwa kipimo cha h: mtafiti ana h ya 10 ikiwa makala zake 10 zimetajwa angalau mara 10 kila moja, na akiandika makala 200 ambazo hakuna anayezitaja, h yake inabaki sifuri. Kipimo hicho kinamkomesha anayechapisha ovyo ili kujaza orodha, na kwa hilo kinastahili sifa. Lakini mtu hawezi kamwe kuwa na h kubwa kuliko idadi ya makala zake, fani yenye watu wengi hutajana zaidi kuliko fani yenye watu wachache, na maandishi yaliyotoka katika majarida ya nyumbani, au kwa lugha ambayo wenye faharasa hawaisomi, mara nyingi hayahesabiwi kabisa.

Louise Aall alifika Tanganyika karibu na mwaka 1960, akiwa amesomea tiba ya magonjwa ya nchi za joto huko Basel, Uswisi. Huko Mahenge alikuta kifafa kwa wingi ambao hakuutarajia, na akakuta pia namna wagonjwa walivyoishi: wengi waliaminika kuwa wanaambukiza kwa mate na povu la mdomoni, hivyo walikula peke yao katika vyombo vyao, walilala mbali na wengine, na walipoanguka kwenye moto wa mafiga watu waliogopa kuwashika hata kuwaokoa. Makovu ya moto usoni na mikononi yalikuwa ndiyo kitambulisho cha mwenye kifafa kabla daktari hajauliza lolote. Alianzisha kliniki, akawa anatoa fenobabitali, dawa ya kutuliza kifafa iliyo kongwe na ya bei nafuu kuliko nyingi, ambayo sharti lake gumu ni kwamba mgonjwa aimeze kila siku bila kukosa, kwa miaka, hata anapojiona mzima. Mwaka 1961 alifanya kazi pia na Albert Schweitzer huko Lambaréné, Gabon, kisha akahamia Kanada, akabobea katika magonjwa ya akili na kufundisha katika Chuo Kikuu cha British Columbia, Vancouver, huku akiendelea kuihudumia kliniki ya Mahenge kwa mbali na kurudi huko mara kwa mara.

Makala yake kubwa kuhusu kifafa cha Wapogoro ilitoka mwaka 1965 katika jarida la magonjwa ya akili la nchi za Skandinavia, ikafuatiwa mwaka 1979 na nyingine katika jarida la kimataifa la kifafa, aliyoiandika pamoja na mumewe na mtaalamu wa jenetiki, James Miller. Katika makala hizo alieleza jambo ambalo wenyeji walilijua na kulitaja waziwazi, kwamba mtoto amesinzia kichwa. Mtoto aliye macho, pengine anapoanza tu kula, kichwa chake kinashuka kifuani na kuinuka tena, kinashuka na kuinuka, mara kadhaa ndani ya dakika moja, macho yakiwa yamepotea, kisha anaendelea na tonge lake kana kwamba hakuna kilichotokea; na baada ya miezi au miaka, watoto wengi wa namna hiyo huanza kuanguka kifafa kikubwa. Daktari mwenye haraka angeweza kuliona hilo kuwa ni usingizi au utundu. Aall aliliandika kama dalili.

Kwa muda mrefu maelezo hayo yalisomwa na wachache. Dunia ya tiba haikuwa na mahali pa kuyaweka, kwa sababu hapakuwa na ripoti nyingine nyingi za kulinganisha nayo, na wilaya moja ya milimani nchini Tanzania haikutosha kuwashughulisha wenye maabara kubwa. Kisha katika miaka ya 1990 watoto wa Sudan Kusini wakaonekana wakitikisa vichwa vivyo hivyo, na katika muongo uliofuata wakafuatia watoto wa Uganda Kaskazini, katika wilaya za Kitgum na Pader, kwa maelfu, katika familia zilizokuwa zimetoka kambi za watu waliohamishwa makwao na vita. Ugonjwa ukatajwa katika vyombo vya habari vya dunia, na mwaka 2012 ukafanyiwa mkutano wa kisayansi wa kimataifa mjini Kampala. Hapo ndipo watafiti waliporudi nyuma kutafuta kama kuna aliyewahi kuuona, wakakuta umeshaelezwa Mahenge miaka ya 1960. Andrea Winkler, daktari wa Kijerumani wa mishipa ya fahamu, alikuwa ameshawapima upya wagonjwa 62 wa Mahenge waliotikisa vichwa na kuchapisha matokeo yake mwaka 2008, na makala ya 1965 ikaanza kutajwa na watu ambao hawakuwa wamezaliwa ilipoandikwa. Anthony van Raan wa Chuo Kikuu cha Leiden alionyesha mwaka 2004 kwamba makala za aina hii, zinazokaa kimya miaka mingi kisha zikaamka, zipo katika sayansi ingawa ni chache; maana yake ni kwamba kipimo kinachotazama marejeo ya miaka miwili mitatu ya mwanzo kingeihukumu kazi ya Aall kuwa haina uzito.

Athari yake nyingine haikusubiri. Kliniki iliwazoesha watu wa Ulanga wazo kwamba kifafa kina dawa, na ikawavuta watafiti wa Kitanzania kwenda huko. Mwaka 1992 kundi la Henry Rwiza wa Muhimbili, ambalo ndani yake alikuwamo Gad Kilonzo, miongoni mwa wataalamu wa mwanzo wa Kitanzania wa magonjwa ya akili, na William Matuja, bingwa wa mishipa ya fahamu, lilichapisha hesabu ya nyumba kwa nyumba katika vijiji 11: kati ya watu zaidi ya 18,000, waliokuwa na kifafa kilicho hai walikuwa 10.2 kwa kila 1,000, na kijiji kwa kijiji tofauti ilikuwa kubwa ajabu, kutoka 5.1 hadi 37.1. Tofauti hiyo ndiyo iliyokuwa na habari nzito kuliko wastani, kwani kama vijiji vya wilaya moja, vyenye watu wa kabila moja, vinatofautiana mara saba, sababu haiwezi kuwa ya damu peke yake. Kuna kitu katika mazingira. Watafiti wakageukia usubi, ugonjwa wa minyoo unaoenezwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana katika mito ya maji ya kasi, ambao Mahenge imeujua kwa muda mrefu. Bruno Mmbando wa taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu na wenzake walionyesha mwaka 2018 kwamba kifafa kilikuwa bado kingi katika vijiji vya Mahenge baada ya miaka 20 ya kugawa ivermektini, dawa ya usubi, mara moja kwa mwaka, na kuanzia 2019 dawa hiyo ikaanza kutolewa huko mara mbili kwa mwaka. Uthibitisho wa namna hasa minyoo hiyo inavyofika kuusumbua ubongo bado unatafutwa, lakini mwenendo wa ushahidi ni huo. Anayetaka kuona athari ya mtafiti anaweza kuiona pia katika majina ya waandishi: mwaka 1979 waliosaini walikuwa watu wa Vancouver, na miaka 13 baadaye walikuwa Watanzania.

Idadi ya marejeo ina upofu mwingine, nao ni kutotofautisha sifa na lawama. J. C. Carothers, daktari aliyeiongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari mjini Nairobi, alichapisha mwaka 1953, kupitia Shirika la Afya Duniani, kitabu kuhusu akili ya Mwafrika, ambamo alidai kwamba Waafrika hawatumii vya kutosha sehemu ya mbele ya ubongo, akawafananisha na Wazungu waliokatwa sehemu hiyo kwa upasuaji. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ya Kenya ikamwandikisha ripoti juu ya Mau Mau, naye akaufanya uasi wa watu walionyang'anywa ardhi uonekane kama hitilafu ya nafsi. Kazi hizo zimetajwa mara nyingi sana, na Frantz Fanon, daktari wa magonjwa ya akili aliyepinga ukoloni, alikuwa mmoja wa waliozitaja kwa ukali. Kila aliyeandika kuzikanusha ameziongezea hesabu. Kwa mashine ya kuhesabu, Carothers ni mwandishi mwenye athari kubwa, na kweli athari alikuwa nayo.

Ufipani mambo yalikwenda kwa mwendo mwingine. Roy Willis hakuwa daktari wala hakudai kutibu, lakini nusu ya aliyoyaandika inahusu yale ambayo hospitali ingeyaweka chini ya afya ya akili: hofu, tuhuma, mizimu, ndoto, na namna mtu anavyojitambua. Mwaka 1966 alichapisha muhtasari wa mila za Wafipa na jirani zao wa kusini-magharibi mwa Tanzania na kaskazini-mashariki mwa Zambia. Mwaka 1967 makala juu ya kichwa na kiuno katika fikra za Kifipa, ambamo alieleza kwamba kichwa husimamia akili, mamlaka na ukubwa, na kiuno husimamia uzazi na undugu, hata koo nazo zikapangwa kwa mfano huohuo. Mwaka 1978 mkusanyo wa hadithi za Kifipa. Na mwaka 1981 historia ya dola ya Ufipa kabla ya ukoloni, yenye hadithi ya wanawake wageni waliofika Milanzi na kuutwaa utawala kutoka kwa wenyeji. Kwa mtu anayependa Ufipa, kitabu hicho cha mwisho ndicho kizuri kuliko vyote, ingawa kwa mada ya hapa kilicho muhimu ni makala ndogo ya 1968 juu ya Kamchape.

Kamchape lilikuwa vuguvugu la kusafisha uchawi lililopita Ufipa mwaka 1963 na 1964. Vijana walifika kijijini, watu wakakusanyika, walioshukiwa wakatakiwa kutoa pembe na dawa zao mbele ya wote, kisha wakachanjwa dawa ambayo iliaminika kumuua yeyote atakayerudia uchawi. Willis hakuishia kusema kwamba ni ushirikina. Aliuliza lile tendo linawafanyia nini waliokusanyika, akajibu kwamba linawapa wote, mshitaki na mshitakiwa, nafasi ya kuanza upya kwa siku moja, na kwamba linahamisha uwezo kutoka kwa wazee kwenda kwa vijana wakati ambapo nchi yenyewe imetoka kubadilisha watawala. Hakuwa wa kwanza kuona jambo la aina hiyo. Mwanaanthropolojia Audrey Richards alikuwa ameshaandika mwaka 1935 juu ya waganga waliopita kwa Wabemba ng'ambo ya mpaka, na makala ya Willis inaungana na yake kama kiungo cha pili. Mwaka 1970 akapanua hoja hiyo katika kitabu kilichohaririwa na mwanaanthropolojia Mary Douglas, ambacho husomwa na wanafunzi wa anthropolojia hadi leo. Mwaka 1999 alirudi kwenye suala la nafsi katika kitabu kuhusu waganga wa Walungu wa Zambia, watu ambao ndugu zao wanaishi Kalambo, upande wa Tanzania katika mkoa wa Rukwa, na humo akaeleza ngoma za pepo kama mtu aliyeshiriki, jambo ambalo madaktari wengi wangeliona halifai kwa mtafiti. Huenda wana haki kwa upande mmoja. Ni vigumu kupima kitu ukiwa umechukuliwa nacho.

Orodha hiyo ni nzito, lakini katika majarida ya magonjwa ya akili inatajwa kidogo, kwa sababu madaktari husoma makala fupi zenye takwimu na wanaanthropolojia huandika vitabu, na faharasa za tiba hazikutengenezwa kwa ajili ya vitabu. Hata hivyo swali ambalo Willis aliliuliza Ufipa lilikuja kuwafikia madaktari kwa mlango mwingine. Mwaka 2003 Charua Ngoma, akiwa na Martin Prince na Anthony Mann wa London, alichapisha katika jarida la Uingereza la magonjwa ya akili utafiti uliofanywa Dar es Salaam, ambapo watu waliofika katika zahanati na waliofika kwa waganga wa tiba asili waliulizwa maswali yaleyale ya kutambua sonona na wasiwasi uliopita kiasi. Katika zahanati wenye matatizo hayo walikuwa 24 kwa kila 100, na kwa waganga walikuwa 48. Miongoni mwa waliofika kwa waganga, uwiano wa walioelemewa nafsini ulikuwa mara mbili ya ule wa zahanati. Matokeo hayo yalipatikana mjini, wala hayawezi kuhamishiwa Nkasi au Kalambo kama yalivyo. Lakini yanamlazimisha daktari kukubali kwamba aliyoyaandika mwanaanthropolojia kuhusu wazimu, mizimu na tuhuma za jirani yanahusu walewale wagonjwa ambao yeye hawaoni.

Maswali hayo ya kutambua ugonjwa ni aina nyingine ya mchango, ambayo huenda ndiyo humfikia mgonjwa kwa haraka kuliko zote. Sylvia Kaaya wa Muhimbili na wenzake walichapisha mwaka 2002 kazi ya kujaribisha kwa Kiswahili dodoso la Hopkins, lenye maswali 25 ya dalili za sonona na wasiwasi, kwa wajawazito wenye virusi vya Ukimwi. Kazi ya namna hiyo haina mvuto wa kugundua ugonjwa mpya. Ni kukaa na neno moja moja, kuhakikisha kwamba mama anayesema moyo unamwenda mbio au mwili umechoka anapimwa kwa anachokimaanisha, kisha kulinganisha majibu yake na uchunguzi wa daktari. Lakini kila mtafiti anayetaka kuwauliza wasemaji wa Kiswahili kuhusu huzuni zao ana sababu ya kuanzia hapo, na ndiyo maana kazi ya kutengeneza chombo cha kupimia hutajwa kwa wingi kuliko kazi ya wazo. Rukwa, ambako wazee wengi huzungumza Kifipa nyumbani na Kiswahili hospitali, dodoso hilo nalo lingehitaji kujaribiwa kabla ya kuaminiwa.

Na upo utumishi ambao vipimo vyote hivi havina pa kuushika. Adrien Atiman, aliyetekwa utumwani akiwa mtoto karibu na Timbuktu, akakombolewa na mapadre wa Kardinali Lavigerie na kusomeshwa udaktari Malta, alifika Karema, mwambao wa Ziwa Tanganyika, mwaka 1889, akawatibu watu wa pande hizo hadi alipofariki mwaka 1956. Jimbo la Karema lilibadilishwa jina likawa Sumbawanga mwaka 1969, na mjini Sumbawanga ipo hospitali ya Kanisa inayoitwa kwa jina lake. Andiko lake linalojulikana ni simulizi ya maisha yake iliyotoka mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records, jarida la historia na mambo ya nchi ambalo halikuwa la tiba. Wanahistoria wa umisionari na wa udaktari bado wanalirejelea. Katika faharasa za tiba hana h hata moja.